Mama Sogea na Mkono Usioinuliwa

Mama yetu, ambaye wengi mlioketi hapa mnamjua kwa jina moja tu la Mama Sogea, alizaliwa alfajiri ya Jumamosi tarehe 17 Februari 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na karakana ya baiskeli. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba wa fundi baiskeli na muuza mboga. Mkunga alisimulia kwamba mtoto huyu alitoka jicho moja limefunguka, akakikagua chumba kwanza, ndipo akalia. Familia haina ushahidi zaidi ya mkunga, lakini waliomjua Marehemu hawajawahi kubisha.

Mwaka 1959 aliingia shule ya msingi ya kanisa. Alikuwa mwepesi wa kusoma na mzito wa kuamini. Huko shuleni kulitokea jambo alilolisimulia nyumbani mara nyingi, na bila hilo mengine hamtayaelewa. Asubuhi moja kioo cha dirisha la darasa kilikutwa kimevunjika. Mwalimu akamtaja msichana mmoja, mtoto wa mlevi wa mtaani, aliyekuwa akija shule peku, akasema, "Wanaojua kuwa ni huyu, mikono juu." Mkono mmoja ukapanda, ikafuata mingine, mara darasa zima likawa limesimamisha mikono kama shamba la mahindi. Marehemu hakuwa ameona chochote. Yeye alikaa mbele, dirisha liko nyuma. Lakini mikono ya wenzake ilikuwa juu, na wake ukapanda. Msichana alichapwa, akafukuzwa, hakuonekana tena. Wiki iliyofuata upepo ulilibamiza dirisha lilelile, kioo kingine kikadondoka mbele ya macho ya mwalimu. Mwalimu akasema, "Kumbe ni bawaba," akaendelea na hesabu.

"Kumbe ni bawaba," Marehemu alikuwa akirudia kila akimaliza kisa hicho. "Bawaba ilibadilishwa kesho yake. Yule mtoto hakuna aliyemfuata kwao." Tangu hapo mkono wake wa kulia ulikuwa mzito. Ulipika, ulifagia, ulichapa watoto ilipobidi, lakini kupanda juu kwa sababu mingine imepanda, ulikataa.

Aliacha shule darasa la nne baba yake alipougua, akamsaidia mama yake sokoni hadi alipokuwa mtu mzima. Tarehe 1 Juni 1970 aliajiriwa kuwa mfagizi katika ofisi kuu ya serikali ya mji wetu, lile jengo la njano lenye korido ndefu na nta nyekundu sakafuni. Haukupita muda, kanisa nalo likamwomba afanye usafi wa Jumamosi, na Jumapili asimame mlangoni kupokea watu na kuwaonyesha pa kukaa. Kwa hiyo, kama alivyopenda kusema mwenyewe, alifagia serikali siku tano, kanisa siku ya sita, na siku ya saba akasimama katikati kuangalia nani anavuka na amebeba nini.

Jina la Sogea lilitoka kwenye benchi la korido ya ofisi. Watu walikuwa wakisubiri mhuri pale tangu asubuhi hadi miguu inavimba, wenye nguvu wamejitandaza, wazee wamesimama. Marehemu alikuwa akipita na dekio lake akisema, "Sogea. Sogea, mwanangu, benchi hili hukuzaliwa nalo." Kanisani alisema hayohayo. Alikuwa anaweza kuingiza mtu wa nane kwenye benchi la watu sita, na wote wakaimba.

Kulikuwa pia na vile viti. Wazee mnavikumbuka: viti vyekundu vyenye mito, mali ya ofisi. Mgeni wa serikali akija ibadani, viti vilitoka ofisini vikapangwa mbele ya madhabahu. Kanisa likiwa na mkutano wa wakubwa, vilikuja tena. Vikitakiwa ofisini, vilirudi. Aliyevivusha barabara, kimoja kimoja, kichwani, ni Marehemu. Siku moja alimuuliza karani wa ofisi, "Hivi viti vimeokoka au vimeajiriwa?"

"Mama, we beba tu," karani akasema.

Alibeba. Lakini alikuwa na mashaka na kila aliyevikalia. Alisema mtu akishakaa kwenye mto mbele ya Mungu, hasikii tena ubao wanaokalia wenzake.

Katika maombi Marehemu alifumba jicho moja tu. Mgeni mmoja aliwahi kumkemea kwa hilo. Akajibu, "Bwana alisema tukeshe na tuombe. Nyinyi mnaomba. Kukesha mmeniachia mimi." Na ni kweli kwamba katika miaka yake mlangoni hakuna mkoba uliopotea kanisani.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na dereva wa gari la ofisi, mtu mpole, mrefu, aliyetutangulia mwaka 2011. Uchumba wao ulianzia sakafuni. Wakubwa wote, makarani na wageni walikuwa wakipita juu ya sakafu mbichi kana kwamba imelowa yenyewe. Dereva peke yake ndiye aliyesimama mlangoni, akafuta viatu, akauliza, "Dada, napita?" Marehemu hakumwamini. Alimchunguza mwaka mzima. Mwishowe akamsimamisha.

"Mwanamume anayefuta viatu kila siku ana anachokitaka," akamwambia.

"Ninacho," dereva akasema, na hapo ndipo mama yetu alipomsogezea dekio apite. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa inabidi tuseme habari za mwaka 1995, maana zimesemwa sana vichochoroni, na afadhali ziwekwe wazi leo, mwenyewe akiwepo.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Paa la kanisa letu lilikuwa linavuja, mvua ikinyesha waimbaji wanasogeza vitabu. Akatokea mgombea mmoja, ambaye leo ni Mheshimiwa wetu, akaahidi mabati. Mchungaji wa wakati huo akafurahi, akatangaza Jumapili maalumu ya kumweka mikononi mwa Mungu. Jumamosi yake Marehemu alivusha viti vyekundu vyote. Mumewe alimkuta ameketi kwenye ngazi ya kanisa anajisugua shingo.

"Vipi, mke wangu?"

"Vimekuwa vizito leo, baba watoto. Kuna mtu ameshavikalia kabla hajafika."

Kesho yake kanisa lilijaa. Mgombea alikaa mbele, mkewe pembeni, wapambe nyuma yao. Baada ya mahubiri Mchungaji alishuka madhabahuni akasema kwamba sasa wana wa Mungu wataweka nadhiri. Kila mwenye kadi ya kura asimame, ainue mkono wa kuume, aahidi mbele za Mungu kwamba kura yake ni ya mtumishi huyu. Watu wakasimama. Mikono ikapanda, benchi kwa benchi, kanisa zima. Marehemu alikuwa mahali pake mlangoni, mikono yote miwili imeshika kitasa cha mlango ili upepo usiubamize.

Mchungaji alikuwa na macho makali. "Mama wa mlangoni, mbona mkono wako siuoni?"

"Nimeshika mlango, Mchungaji."

"Uachie. Mungu ataushika."

Watu wakacheka. Marehemu akauachia mlango, akashusha mikono yote miwili. "Mchungaji, kura tumeambiwa ni ya siri. Hata baba watoto hajui yangu."

"Kwa Mungu hakuna siri, mama!"

"Basi Mungu ameshaiona. Wewe wataka kuiona ya nini?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kumcheka yeye. Mgombea naye alicheka, meno tu, macho yakibaki kazini. Mchungaji hakucheka. Ibada ikafungwa kwa wimbo mfupi.

Jumatano Marehemu aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, katika chumba kile kidogo yanamotundikwa majoho. Alikaa kwenye stuli, wao kwenye viti vyekundu, maana vilikuwa havijarudishwa. Haikuwa mahakama ya watu wabaya. Wengine walikuwa jirani zake, na mmoja alikuwa ndiye aliyemsimamia mumewe siku ya ndoa, tangu hapo wakiitana shemeji. Huyo ndiye aliyesema maneno yaliyomuuma kuliko ya Mchungaji, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake.

"Shemeji," alisema, "kanisa linavuja. Watoto wetu wanaimba wamelowa. Mtu ametuahidi mabati. Huo mkono wako mmoja utaezeka paa?"

Marehemu akainua macho kwenye dari, penye madoa ya mvua.

Mchungaji akasema kila mamlaka imewekwa na Mungu, na kumpinga mtu wa Mungu ni kumpinga aliyemweka.

"Hata vumbi limewekwa na Mungu, Mchungaji. Kila Jumamosi nalifagia."

"Kanisa zima liliinua mkono. Wewe nani? Penye wengi pana Mungu!"

"Waliopiga kelele asulubiwe nao walikuwa wengi."

Yule shemeji akainama, akamnong'oneza kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa: "Sema tu ndiyo, yaishe. Sema kura ni yake. Ukifika kule kwenye kibanda cha kura fanya unalotaka, nani atajua?"

"Nitajua mimi," Marehemu akasema. "Na yule mnayesema hana siri atajua. Mnanifundisha kumdanganya hapa chumbani kwake?"

Akatengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu.

Kwa wageni, inafaa kueleza uzito wa jambo hili. Mama yetu hakuwa na mali. Hakuwa na cheo. Alichokuwa nacho ni ile nafasi ya kukaribia meza kila mwezi, kipande kidogo cha mkate na kikombe, mfagizi na mkuu wa ofisi wakipokea kutoka mkono mmoja. Alisema pale tu ndipo hakuhitaji kumwambia mtu asogee. Hicho ndicho walichomnyang'anya. Nyumbani aliweka sufuria jikoni, akageukia ukuta, akalia kwa kwikwi. Ndipo alipomweleza mumewe, na si wazee wale, habari za msichana peku na bawaba ya dirisha. "Niliuinua mara moja," alisema. "Siuinui tena kwa ajili ya mtu nisiyemwona vizuri."

Ofisini nako habari zilifika kabla yake. Mkuu wa ofisi hakumfukuza. Alimwondoa vyumbani akampeleka vyoo vya nje. Wenzake walipompa pole alisema, "Huko angalau najua ninachofagia."

Na kuna lingine ambalo wasemaji wa vichochoroni hawalisemi. Alasiri moja walikuja nyumbani watu wa chama cha upinzani, wamevaa kofia mpya, nyuso zimejaa tabasamu, mmoja amebeba kitenge chenye picha ya kiongozi wao. Wakasema wamekuja kumshukuru shujaa wao.

"Shujaa wenu nani?"

"Wewe, mama! Umemkataa yule mbele ya kanisa zima."

"Nani kawaambia nimemkataa? Nilikataa kuinua mkono." Akawatazama mmoja mmoja kwa lile jicho lake. "Na nyinyi mkishinda mtakuja Jumapili ya ngapi? Niwahi kuvusha viti."

Kitenge waliondoka nacho.

Uchaguzi ulifanyika. Marehemu alipanga foleni tangu asubuhi, gauni lake la kanisani, akaingia kwenye kibanda, akatoka, akafunga mdomo. Mgombea akashinda. Mabati yalikuja kweli, hatuwezi kusema uongo mbele ya jeneza. Yalifunika nusu ya mbele, pale vinapokaa viti vyekundu. Nusu ya nyuma iliendelea kuvuja, na Marehemu ndiye aliyekuwa akipanga mabeseni.

Maana hakuacha kazi. Kila Jumamosi alifagia kanisa lililomtenga, kuanzia madhabahuni kuja mlangoni, na Jumapili akasimama pale pale. Meza ilipoandaliwa, alibaki nje ya kizingiti. Mwezi wa kwanza mumewe aliinuka kwenye benchi, watu wakadhani anakwenda mbele. Akageuka, akatoka, akasimama karibu naye.

"Wewe hukutengwa," Marehemu akamwambia kwa sauti ya chini. "Rudi."

"Meza isiyomtosha mke wangu, mimi nimeshiba."

Wakasimama hivyo, yeye na dereva wake, kila mwezi. Iliendelea hadi mwaka 1998.

Mwaka huo Mchungaji yule alipata nafasi kwenye bodi fulani ya serikali, akaondoka. Naye ametangulia. Bila shaka wameshakutana na Marehemu, na wengi tungependa kuyasikia mazungumzo hayo.

Baada ya hapo likatokea kosa kubwa kuliko yote aliyoyafanya Marehemu mlangoni, na wajukuu wamekataa liachwe. Jumapili moja alifika mtu asiyejulikana, suti nzuri, viatu vinang'aa, pete ya dhahabu kidoleni. Marehemu akamwona tangu getini. "Huyu," akasema moyoni, "amekuja kutafuta kura." Mgeni akaulizia kwa upole nafasi ya mbele. Marehemu akampeleka nyuma kabisa, chini ya bati linalovuja, akambananisha kati ya babu aliyezoea kukoroma na mama wa mapacha. "Sogea, baba," akamwambia. "Hapa tunakaa wote."

Ibada ikachelewa. Mzee wa kanisa akapanda mbele, anapepesa macho, akatangaza kwamba mchungaji mpya alitarajiwa asubuhi hiyo ila hajaonekana. Kule nyuma mtu akainuka, pacha mmoja mkononi, bega moja limelowa. "Nimeonekana," akasema. "Ila mama wa mlangoni bado hajaniruhusu kwenda mbele."

Mama yetu alitamani sakafu ipasuke, na ile sakafu aliijua vizuri kuliko mtu yeyote. Mchungaji mpya alihubiri palepale alipokuwa. Alisema ametembelea makanisa mengi, lakini hili ni la kwanza alilolisikia likikoroma kabla hajafungua kinywa. Mwezi huohuo akauliza kwa nini mama wa mlangoni na mumewe hawaji mezani. Wazee wakamwambia, hakuinua mkono.

"Mkono gani?"

Wakaeleza. Walipokuwa wakieleza, wenyewe waliyasikia waliyokuwa wakiyasema, na yule shemeji akaanza kutazama viatu vyake. Jumapili iliyofuata wazee walikuja mlangoni wote, na shemeji ndiye aliyesema, "Shemeji, tumekukosea." Marehemu akauachia mlango. Akasema, "Shika mlango basi," akaenda mbele, mumewe nyuma yake. Mchungaji huyo ni mstaafu sasa, na ndiye anayeongoza ibada ya leo. Pete ilikuwa ya ndoa. Hata hivyo Marehemu aliendelea kumchunguza kwa miaka kadhaa, isije ikawa.

Nusu ya nyuma ya paa iliezekwa na waumini wenyewe, bati moja moja, bila mgeni wa heshima. Marehemu alistaafu ofisini tarehe 28 Februari 2006. Zawadi yake ya kuagwa ilikuwa kiti kimoja chekundu, mto umepasuka. Alikiweka jikoni, akawa anakitumia kusimamia akitaka kufikia rafu ya juu.

Alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2015, akatumia dawa kwa utiifu uliowashangaza madaktari, baada ya kwanza kuwahoji dawa inatoka wapi na nani anafaidika. Tarehe 11 Mei mwaka huu alipata kiharusi akiwa anafagia ua wake. Alilazwa. Mkono wake wa kulia haukuamka tena. Binti yake mdogo, ambaye ni muuguzi, alipouinua kuupima, mama alisema kwa ulimi uliojaa uzito, "Umeuinua wewe, si mimi."

Akiwa wodini alitembelewa na Mheshimiwa, pamoja na mpiga picha. Uchaguzi uko karibu, kila mmoja anajua. Mheshimiwa alikaa kitandani, akamshika mkono ule mzima, akasema kwa upole, na tunataka kuamini ulikuwa upole kweli, "Mama, miaka yote hii. Leo niambie tu, ile kura ulimpa nani?"

Mama akamwita kwa kidole. Mheshimiwa akainama, sikio karibu na mdomo wake. Mpiga picha akainua kamera. Mama akasema maneno machache. Mheshimiwa akanyooka, akacheka kidogo, akaaga. Binti mkubwa alipouliza ameambiwa nini, mama akajibu, "Nimemwambia amechafua sakafu. Yule dada ametoka kupiga deki sasa hivi."

Siku chache baadaye aliwaita watoto wake, akasema neno moja juu ya maziko yake. "Mbele wakae wenye miguu mibovu. Na asisimame mtu kuniombea kura."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, binti yake mdogo akiwa pembeni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tatu.

Kabla hata hatujamaliza kulia, lilifika hema kubwa lenye rangi za chama, na msaidizi wa Mheshimiwa akiomba dakika tano kwenye ratiba. Hapo familia iligawanyika, na haya yameandikwa kwa ruhusa ya mhusika. Mwana wa kiume wa Marehemu anafanya kazi ofisi ya ardhi, na mkuu wake na Mheshimiwa ni damu moja.

"Dakika tano tu," alisema. "Mama hatasikia."

"Sisi tutasikia," binti mdogo akasema.

"Nyinyi hamna mkuu wa kumwona Jumatatu! Nikifukuzwa, watoto wangu mtawalisha wosia?"

Binti mkubwa alikuwa na maneno yake tayari, tena makali, lakini mama mdogo, mdogo wa mwisho wa Marehemu, akamzuia. "Msimwonee. Hofu yake ni ya kweli. Hata dada aliogopa, mlidhani hakuogopa?" Kisha akasema, "Leteni ndoo yake."

Ikaletwa ndoo ya deki ya mama, ikawekwa chumbani kwake, mlango ukarudishwa. Kila mtu mzima wa familia alipewa punje ya mahindi na punje ya haragwe: mahindi, Mheshimiwa aseme, haragwe, asiseme. Tukaingia mmoja mmoja, tukatupia moja ndani ya ndoo, nyingine tukaitupa jaani. Maharage yalishinda. Kwa wingi gani, ndoo imeshaoshwa. Nani alitupia nini, hakuna aliyeuliza, na asiulize mtu leo wala kesho.

Aliyekwenda kumjibu msaidizi ni yule mwana mwenyewe. Alisema hiyo ni kazi ya mtoto wa kiume. Msaidizi akamuuliza, "Nani hasa alikataa?" Akajibu, "Ndoo." Hema likapakiwa kabla halijafunguliwa. Jumatatu haijafika bado, na tunaomba ndugu na marafiki mkumbuke hilo katika maombi yenu, jicho moja likiwa wazi.

Kwa hiyo ukitafuta kwenye ratiba hii nafasi ya salamu za serikali au za vyama, usigeuze karatasi, haiko nyuma. Mheshimiwa, akiwa amefika, atakuwa ameonyeshwa pa kukaa na wajukuu, kama mwombolezaji mwingine yeyote, na tunamshukuru kwa kuja. Kama kuna mtoto analia karibu naye, ampokee kidogo. Benchi hilo lina baraka, limeshawahi kukaliwa na mchungaji.

Marehemu ameacha watoto watatu: binti mkubwa ambaye ni mshonaji, mwana wa kiume wa ofisi ya ardhi na binti mdogo muuguzi, wakwe wawili, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, mdogo wake mmoja wa kike, na shemeji yake, yule mzee wa kanisa, ambaye leo ameomba mwenyewe kushika mlango. Hakuacha deni wala kadi ya chama chochote. Kura yake ya mwaka 1995 ameondoka nayo. Kwa sasa iko kwa yule aliyekuwa ameshaiona.

Njia kati ya mabenchi ni nyembamba na wabebaji ni sita. Sogeeni kidogo, apite.

Apumzike mama yetu, kwa mara ya kwanza akiwa amefumba macho yote mawili. Kukesha ametuachia sisi.